Breki, springi na ekseli ya nyuma kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yanawahusu wenye magari ya miaka ya 1970 na 1980 yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hasa Toyota Corolla KE70, ambayo Nairobi nzima inaijua kwa jina la DX, pamoja na Datsun 120Y na 160J, Ford Escort na Peugeot 504. Mwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele atafaidika na sehemu ya breki na springi. Ya ekseli anaweza kuyaruka.

Kati ya breki, springi na ekseli, nianze na kipi?

Mpango huanza na ekseli, lakini kazi huanza na breki. Ekseli ya nyuma ndiyo inayoamua upana wa gari nyuma, idadi na nafasi ya bolti za gurudumu, na aina ya breki zitakazokaa pale; bolti nazo huamua rimu, na rimu huamua ukubwa wa diski zinazoweza kuingia mbele. Mtu anayenunua diski kubwa za mbele mwezi wa kwanza na ekseli mwezi wa sita hujikuta na gari lenye rimu za aina mbili, na hawezi kubeba tairi moja la akiba linalofaa pande zote. Kwa hiyo amua mapema utatumia ekseli gani, hata kama utainunua mwakani, kisha funga breki kwanza, springi na shoki baadaye, na ekseli mwisho.

Kabla ya hayo yote, rekebisha kilichochakaa. Gari lililotembea miaka 40 kwenye barabara zetu mara nyingi halihitaji kuboreshwa. Linahitaji kurudishiwa kile lilichotoka nacho kiwandani. Nimeona DX ambayo mwenyewe alikuwa ameiandalia kalipa (vibanio vya pedi za breki) za pistoni nne ilhali paipu za mpira za breki zilikuwa zimevimba kwa ndani kiasi cha kuyaruhusu mafuta kwenda bila kuyaruhusu kurudi. Gari lilivuta upande mmoja kila alipokanyaga, naye akadhani tatizo ni udogo wa breki. Paipu mpya tatu zilimaliza ugonjwa huo, na kalipa bado ziko stoo.

Nikishuka kuelekea Mai Mahiu, breki hulegea nusu ya njia. Je, diski kubwa zitanisaidia?

Huenda, ila lazima kwanza ujue ni nini kinacholegea, kwa sababu kuna magonjwa mawili yanayofanana. Ikiwa pedali inabaki juu na ngumu lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Ikiwa pedali inazama na kuwa laini kama sifongo, mafuta ya breki yamechemka na mvuke umejaa ndani ya paipu. La kwanza hutibiwa kwa pedi bora na diski zinazopoa haraka. La pili hutibiwa kwa mafuta mapya, ambayo ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa katika ukurasa huu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari la kilo 1,000 likishuka mita 100 bila kuongeza mwendo hutoa nishati ya takriban megajuli moja, na nishati hiyo ikiachiwa breki peke yake ni sawa na kuchemsha lita tatu za maji baridi kwa vipande vinne vya chuma. Zidisha kwa urefu wote wa ule mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa, nawe utaelewa kwa nini dereva wa lori anayejua kazi huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Hakuna diski itakayochukua nafasi ya gia ya pili.

Ukiwa umeyazingatia hayo na bado unataka zaidi, hatua yenye faida kubwa ni kutoka kwenye diski bapa na kwenda kwenye diski zenye njia za hewa katikati, kwa sababu hizo hupoa kwa nyuso za ndani pia. Kwa DX, mafundi wengi hutumia miguu ya mbele (nguzo pamoja na breki zake) ya AE86, gari la ukoo uleule lililotengenezwa kuanzia 1983. Diski zenye vitobo vya kutoboa hupendeza machoni, lakini kwenye gari la barabarani vitobo hivyo ni mahali pa kuanzia nyufa, mimi sizitumii.

Je, buster ya breki ina udhaifu wowote Nairobi?

Ndiyo, na wengi hawalijui hili. Buster, kile chombo kinachouongezea nguvu mguu wako kwenye pedali, hufanya kazi kwa tofauti kati ya kanieneo ya hewa ya nje na ombwe linalotoka kwenye injini. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina kanieneo ya kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo buster ileile husukuma kwa nguvu ndogo zaidi huku juu. Gari lililopimwa Pwani na kuonekana lina breki nyepesi litahitaji mguu mzito zaidi likifika Limuru, na hilo si kosa la mtu. Ukibadilisha kamshafti kwa ya michezo, ombwe hupungua tena, na hapo ndipo buster kubwa zaidi, ama tangi dogo la kuhifadhia ombwe lenye vali ya kuzuia kurudi, huwa na maana.

Fundi amenishauri niweke masta silinda kubwa ili breki ziwe kali. Je, ni kweli?

Ni kinyume chake, ingawa ninaelewa anakotoka. Masta silinda ni pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu; iliyo kubwa husukuma mafuta mengi zaidi kwa hatua ileile ya pedali, kwa hiyo pedali husimama juu na kumpa dereva hisia ya ukali. Lakini shinikizo ni nguvu ya mguu ikigawanywa kwa eneo la pistoni: ukitoka inchi 13/16 (milimita 20.6) kwenda inchi 7/8 (milimita 22.2), eneo huongezeka kwa asilimia 16, na shinikizo kwa nguvu ileile ya mguu hupungua kwa takriban asilimia 14. Masta kubwa inahitajika pale tu ambapo kalipa mpya zina pistoni kubwa kiasi kwamba ile ya zamani inafika mwisho wa safari yake kabla breki hazijashika. Anza na ile uliyo nayo, jaribu, kisha uamue.

Je, inafaa kuweka diski nyuma badala ya drumu?

Kwa gari la mjini, jibu langu kwa kawaida ni hapana. Unapofunga breki, uzito wa gari huhamia mbele, na magurudumu ya nyuma hubaki na kazi ndogo ambayo drumu iliyo nzima huiweza bila shida. Ukiongeza nguvu nyuma bila kuongeza mbele, magurudumu ya nyuma yatakwama kwanza, na gurudumu lililokwama hupoteza uwezo wa kushika upande, kwa hiyo gari hugeuka na kukuonyesha ulikotoka. Katika mvua ya Aprili kwenye Barabara ya Thika hilo hutokea kwa mwendo ambao hukuudhania kuwa wa kasi.

Ukiazimia kuweka diski, jambo la kwanza kuuliza ni breki ya mkono itafanyaje kazi, kwa maana kalipa nyingi za mbele ambazo mafundi huzigeuza kuwa za nyuma hazina mtambo wa breki ya mkono kabisa. Gari lisilo na breki ya mkono halipaswi kuwa barabarani, sembuse kupelekwa kwenye ukaguzi. Jambo la pili ni vali ya kugawa shinikizo: ile ya kiwandani ilipangiwa drumu, na huenda ukahitaji inayoweza kurekebishwa kwa mkono. Irekebishe mahali patupu, penye lami iliyolowa, mpaka magurudumu ya mbele yakwame kabla ya yale ya nyuma, kisha uifunge isiguswe tena. Jambo la tatu ni masta silinda, kwani baadhi ya mifumo ya drumu ina vali ndogo inayobakiza shinikizo ndani ya paipu. Ikiachwa hapo, pedi za nyuma zitagusa diski muda wote na kujichoma.

Nitumie mafuta gani ya breki?

DOT 4 inatosha. Ikiwa mpya huchemka kwa angalau nyuzi 230 za selsiasi, DOT 3 kwa angalau 205. Zikishanyonya unyevu, viwango hivyo hushuka hadi 155 na 140. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Je, ninaweza kukata springi ili gari likae chini?

Unaweza, na kukata kwa diski ya kukatia si dhambi kubwa kama kuchoma kwa gesi, ambako huua ugumu wa chuma na kuacha springi itakayoendelea kulala mwezi baada ya mwezi. Fundi mmoja alinifanyia hivyo nilipokuwa sijui. Baada ya wiki chache upande wa dereva ulikuwa umeshuka vidole viwili kuliko ule wa abiria, na hakuna mpangilio wa magurudumu ulioweza kuuficha.

Swali halisi ni kama unataka gari liwe chini. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa sababu ugumu huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua: kutoka mizunguko minane inayofanya kazi hadi saba ni ongezeko la asilimia 14. Lakini nafasi ya kushuka imepungua zaidi ya hapo, na tuta la kwanza la mtaani litaigonganisha ekseli na mpira wake wa kuzuilia. Juu ya hayo, kwenye gari lenye nguzo za mbele za aina ya MacPherson, kushusha mwili hubadilisha pembe za mkono wa chini na za fimbo za usukani, na gari huanza kujielekeza lenyewe kila linapopita shimo.

Kwa Nairobi, ambako matuta huota usiku kama uyoga na vipande vya murami viko dakika kumi kutoka lami yoyote, ninashauri kimo cha kiwandani, au sentimita mbili juu yake kwa anayekwenda shamba mara kwa mara. Ukitaka ugumu, nunua springi ya waya mnene zaidi. Ugumu huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo kutoka milimita 11 hadi 12, mengine yote yakibaki sawa, ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Huhitaji zaidi ya hapo.

Vipi kuhusu springi za bapa, kama za Escort, 120Y na DX za mizigo?

Kuongeza bapa moja ni desturi ya zamani na si mbaya kwa gari linalobeba mzigo, ila likiwa tupu hurukaruka, na ekseli inayorukaruka haishiki breki. Bora kuzipeleka zikapindwe upya na kubadilishiwa bapa lililovunjika tu. Badilisha bolti za umbo la U na ile ya katikati kila unapofungua, kisha uzikaze tena baada ya kilomita mia chache. Usiweke vipande virefu vya chuma kati ya springi na ekseli, kwa sababu hurefusha mkono wa wenzo, na ekseli hujipinda unapoondoka kwa nguvu hadi gurudumu linaanza kupigapiga barabara.

Shoki za gesi au za mafuta?

Za gesi, kama mfuko unaruhusu. Kwenye murami yenye mawimbi, shoki ya mafuta matupu hupata joto, mafuta hutoa povu, na povu halizuii chochote. Hakikisha tu urefu: shoki ikifika mwisho wake kabla ya mpira wa kuzuilia, itavunjika yenyewe au ivunje inakoshikiliwa.

Je, bushi za poliyurethani ni bora kuliko za mpira?

Mbele, kwenye mkono wa chini na kwenye fimbo ya kuzuia kulala, ndiyo, na tofauti utaihisi kwenye usukani siku hiyohiyo. Nyuma, kuwa mwangalifu. Ekseli ya DX hushikwa na mikono minne na fimbo moja ya ubavuni, na gari linapolala kwenye kona, mikono hiyo hulazimika kujinyonga kidogo kwenye bushi zake. Mpira huruhusu, poliyurethani ngumu hukataa, na ekseli nzima hugeuka kuwa springi ya ziada ambayo hukuinunua. Mimi huacha mpira mpya kwenye mikono ya juu, huweka poliyurethani kwenye ile ya chini, na fimbo ya ubavuni huiwekea inayoweza kurefushwa, kwa kuwa ukibadilisha kimo cha gari, fimbo hiyo huivuta ekseli upande mmoja.

Je, ekseli ngumu si teknolojia ya kizamani? Nisibadilishe kabisa mfumo?

Datsun ya muundo wa 160J, yenye ekseli ngumu (magurudumu mawili ya nyuma kwenye ekseli moja isiyokunjika) na springi za koili, ilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ikiwa iliweza mawe na matope ya siku zile, itaweza Barabara ya Ngong.

Kwa nini basi mtu abadilishe ekseli?

Sababu nzuri ni mbili. Ya kwanza ni nguvu: difu ya DX, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, iliundiwa injini ndogo ya 4K, na mtu akiweka injini yenye nguvu maradufu, kraunwili na pinioni, gia yake kubwa na ile ndogo, huanza kula meno. Ya pili ni uwiano wa meno ya gia hizo mbili, ambao nitaueleza hapa chini. Kutaka ekseli kwa sababu ile ya zamani inalia si sababu. Kilio kingi hutokana na beringi za pinioni zilizolegea au mafuta yaliyokwisha, na vyote viwili vinatengenezeka.

Ekseli ya AE86 ndiyo inayotafutwa zaidi kwa DX, kwa kuwa mpangilio wa mikono minne unafanana na bolti zake ni nne kwa milimita 114.3. Hata hivyo usinunue kwa maneno. Pima uso kwa uso, mahali gurudumu linapokaa upande mmoja hadi mwingine, kisha ulinganishe na yako. Angalia vishikizo vya mikono na vya shoki. Pima urefu wa propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, na ukague flanji yake, kwani kwa kawaida propela itahitaji kukatwa na kusawazishwa kwenye mashine. Propela isiyosawazishwa hutetemesha sakafu kuanzia mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kula krosi kwa miezi michache. Kwa Escort, njia inayojulikana ni ekseli ya Atlas, ambayo ni nzito na imara kuliko ile ya kawaida.

Ekseli ikiwa mezani, badilisha beringi za hafushafti (shafti mbili zinazozungusha magurudumu) na sili zake, na uzibue tundu la kupumulia lililo juu ya mrija wake. Tundu hilo likiziba, joto husukuma mafuta ya difu kupitia sili hadi kwenye viatu vya breki, na mtu huhangaika na breki mwaka mzima ilhali ugonjwa uko kwenye tundu lisilozidi unene wa kalamu. Kama fundi amefungua kraunwili, mwambie apake rangi kwenye meno na kukuonyesha alama ya mgusano kabla hajafunga. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo hajui kuipanga difu.

Nichague uwiano gani?

Hesabu meno ya kraunwili na uyagawanye kwa ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.1. Kwa tairi la 175/70 R13 na gia ya nne ya moja kwa moja, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huizungusha injini takriban mara 3,400 kwa dakika ukiwa na 3.7, na karibu 3,800 ukiwa na 4.1. Anayekwenda Mombasa kila mwezi akiwa na gia nne atachoshwa na kelele ya 4.1. Anayeishi Nairobi na kupanda Limuru ataifurahia. Kumbuka kwamba kipima mwendo kitadanganya hadi kigurudumu chake cha gia kibadilishwe.

Vijana wa mtaani huchomelea difu ili gari liteleze vizuri. Je, ni salama?

La. Magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja hayawezi kupita kona bila moja kuburutwa, na kwenye lami yenye maji gari husukuma mbele usipotarajia. Hafushafti nazo huvunjika. Difu yenye klachi za kuzuia mtelezo ipo kwa ajili hiyo. Itie mafuta ya kiwango cha GL-5 yaliyotengenezewa difu hizo.

Na Peugeot 504?

Iache ekseli yake. Propela ya 504 imo ndani ya mrija unaoungana na difu, kwa hiyo kuweka ekseli ya gari jingine ni kazi isiyolipa. Bushi mpya, shoki za ubora na breki zilizosafishwa zitairudishia ule utulivu wake.

Nimepata rimu nzuri za Corolla AE100. Zitaingia?

Hapana. Zina bolti nne kwa milimita 100, na DX ni 114.3. Mwenye kukutobolea habu mashimo mapya anakuandalia ajali.

Vipuri nitavipata wapi?

Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, na maduka ya vipuri vilivyotumika kutoka Japani katika Eneo la Viwandani. Sheria inayokataza kuingiza nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane imefanya vipuri vya magari ya aina yetu kuwa haba, hivyo ukiona ekseli nzima, ichunguze siku hiyohiyo. Kalipa, ekseli na mikono vinaweza kuwa vya kutumika. Pedi, viatu, paipu za mpira, mipira ya silinda na mafuta visiwe vya kutumika kamwe, na diski ipimwe unene dhidi ya kiwango cha chini kilichogongwa ubavuni mwake.

Je, lazima niarifu mtu yeyote?

Mabadiliko yanayogusa maelezo ya usajili, kama injini, rangi au umbo la bodi, huarifiwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Bima yako nayo ijulishwe kwa maandishi. Kwa breki na ekseli, hata usipolazimika, lipeleke gari kwenye kituo cha ukaguzi cha Barabara ya Likoni: mashine ya kupima breki huonyesha tofauti ya kushoto na kulia ambayo mguu wa dereva hauwezi kuihisi.

Nimemaliza kufunga kila kitu. Nifanye nini kabla ya kuliingiza gari kwenye msongamano?

Toa hewa kwenye paipu ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu yenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Kanyaga pedali kwa nguvu zako zote kwa dakika moja injini ikiwa imezimwa. Ikizama polepole, kuna panapovuja. Kisha, Jumapili alfajiri, tafuta barabara tupu na upunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 mara kumi hivi bila kusimama kabisa, uziache breki zipoe ukiwa unatembea, na usivute breki ya mkono zikiwa bado moto. Ukirudi, inama kila gurudumu uangalie kama kuna unyevu, uguse habu kwa tahadhari ulinganishe joto la kushoto na la kulia, na ukaze nati za magurudumu upya.